Mizani Iwekwe Mezani



Huko London bei ya dhahabu hutangazwa mara mbili kila siku ya kazi. Yeyote mwenye simu aweza kuifahamu, awe Bunia au Dubai. Hata hivyo, katika machimbo ya Ituri dhahabu imepimwa kwa miaka mingi kwa njiti za kiberiti na sarafu za zamani zilizogeuzwa mawe ya mizani. Bei ya dunia iko wazi. Uzito na usafi wa dhahabu ya mchimbaji ndivyo vilivyobaki gizani. Humo gizani ndimo wenzetu wengi wanamopotezea jasho lao.

Tufanye hesabu. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuseme aunsi inauzwa dola 3,110: gramu moja ya dhahabu safi itakuwa dola 100. Ikiwa dhahabu ya kijana ina usafi wa asilimia 90, gramu yake ina thamani ya dola 90. Akipewa 75, ana haki ya kuuliza zile 15 zimekwenda wapi. Huenda ni usafiri, kodi na faida halali ya mnunuzi. Huenda ni uongo wa mizani. Asiyejua hesabu hawezi hata kuuliza.

Wala tusidhani kwamba giza humfaidi mnunuzi siku zote. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutambua ubora hushusha bei ya magari yote. Wenye magari mazuri hujiondoa sokoni, yakabaki mabovu. Kwetu pia, mnunuzi hupunguza bei kwa kuogopa dhahabu iliyochanganywa, naye muuzaji hushawishika kuichanganya kwa kuogopa mizani iliyochezewa. Kila mmoja hujikinga dhidi ya mwenzake, na soko zima hudhoofika.

Wako wasemao kwamba simu imeleta bei, basi tatizo limekwisha. Sikubaliani nao. Mara nyingi PDG, kama tunavyomwita mwenye shimo, huchimba kwa fedha na chakula alivyokopeshwa na mnunuzi, kwa sharti la kumwuzia yeye peke yake. Mtu huyo aweza kuijua bei ya London kwa moyo na bado asiweze kuidai. Kwa hiyo uwazi haukomei kwenye bei: deni nalo liandikwe, masharti yake yasomwe mbele ya mashahidi, na siku ya kulimaliza itajwe.

Taifa nalo lina daftari lake. Mwaka 2008 Kongo ilijiunga na ITIE, mpango wa kimataifa ambao kwao makampuni ya madini hutangaza waliyolipa, na serikali hutangaza iliyopokea. Mwaka 2013 ilisimamishwa kwa muda kwa kuwa taarifa zake hazikutosheleza. Mwaka 2014 ikakubaliwa kuwa imetimiza masharti. Hiyo ni hatua njema. Lakini dhahabu inayovushwa mpaka kwa magendo haimo katika hesabu hiyo. Gramu isiyoandikwa haijengi barabara wala shule, na hakuna awezaye kusema kwa hakika kama imenunua mkate au risasi.

Basi tufanye nini? Tujifunze hesabu ya gramu na usafi, tuwafundishe ndugu zetu walioko machimboni. Vyama vya ushirika vya wachimbaji vinunue mizani yao wenyewe, nayo ijaribiwe hadharani. Kila mauzo yawe na karatasi.

Na tuanzie nyumbani. Daftari la michango ya kikundi chetu lisomwe mbele ya wote, hata kama limebeba faranga chache tu. Anayeficha daftari la vijana leo, kesho atashindwaje kuficha mizani?