Mlezi wa biashara si tajiri wako



Dada yetu mmoja wa Nkome, mkoani Geita, ametuandikia barua ndefu ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Ameanza biashara ya kununua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika na kuwauza. Mtaji wake ulikuwa shilingi laki nne, sehemu ikiwa ni fedha za mbuzi aliowauza na sehemu mchango wa mumewe. Msimu wa mvua ulipoingia, alianika asubuhi, mvua ikashuka kabla ya adhuhuri, na mzigo ule akauuza kwa bei ya chakula cha kuku. Sasa anatafuta mtu wa kumlea kibiashara. Amejitokeza mfanyabiashara mwenye uwezo, aliye tayari kumkopesha shilingi milioni moja na nusu na kumwonyesha njia, kwa sharti kwamba dagaa wake wote atamwuzia yeye, kwa bei atakayoipanga yeye. Dada anauliza iwapo huyu ndiye mlezi anayemtafuta.

Jibu letu ni hapana, na tungependa kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa swali hili si la dada mmoja. Mialo yote ya Ziwa Victoria inaujua utaratibu huu. Tajiri humpa mvuvi nyavu, taa au mashine ya mtumbwi, na mvuvi huahidi kutompelekea samaki mtu mwingine. Hata wasomaji wetu wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu wanao mfano wake machimboni: mfadhili huwalisha wachimbaji wa duara, na mawe yakipatikana huchukua mgawo wake wa mifuko. Huko, hata hivyo, duara lisipotoa kitu mfadhili naye hupoteza, na hakuna mchimbaji anayemchanganya mfadhili na fundi aliyemfundisha kuusoma mwamba. Mwaloni tofauti hiyo imefifia, na mwenye fedha amezoea kuitwa mlezi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme dada yetu, baada ya kupata mkopo ule, anauza kilo 300 za dagaa wakavu katika kila giza, yaani kipindi kile cha mwezi ambacho mitumbwi hutoka. Tuseme pia kwamba bei ya tajiri iko chini ya bei ya soko kwa shilingi 100 tu kwa kilo. Kila giza ameacha mikononi mwa tajiri shilingi 30,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 360,000, karibu robo ya mkopo wenyewe, na mkopo bado uko palepale haujapungua hata senti. Hakuna mahali palipoandikwa neno riba. Lakini mafakihi wameweka kanuni inayojulikana, kwamba mkopo unaoshurutishwa kumletea mkopeshaji manufaa umeingia katika riba, na dada anapaswa kuipeleka karatasi ya makubaliano kwa sheikh wake kabla ya kutia dole gumba.

Hatusemi kwamba tajiri yule ni mtu mbaya. Huenda hajawahi kuoneshwa mlango mwingine, na mlango upo. Kuna mauzo ya salam, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakiyafanya katika tende akayawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Tajiri anaweza kununua leo kilo kadhaa za dagaa wakavu wa daraja lililoelezwa, akalipa bei yote papo hapo, na kupokea mzigo tarehe waliyoafikiana. Baada ya hapo dada yuko huru. Akikubali hivyo, ni mnunuzi mwema na adumishwe. Bado si mlezi.

Mlezi ni yule ambaye ukipata faida zaidi yeye hapungukiwi. Kipimo hiki kinaonekana kidogo, lakini kinachuja watu wengi. Mnunuzi wako hunufaika bei yako ikishuka. Mwenzako anayeanika mchanga uleule hunufaika ukikosa dagaa alfajiri. Wote wawili wanaweza kuwa waumini wazuri na majirani wema, ila usiwatake wakueleze jambo ambalo likijulikana linawatoa riziki, kwani utakuwa unawatia katika mtihani ambao hawakuuomba.

Basi atafutwe wapi? Kwanza miongoni mwa waliokwisha kustaafu kazi hiyo. Katika kila mwalo wapo akina mama waliolea watoto kwa dagaa, ambao leo magoti hayawaruhusu kuinama juu ya uanio, na ambao hakuna mtu anayewauliza neno. Watoto wao wanawapa fedha za matumizi na kudhani wamemaliza. Mama kama huyo anajua ni wingu gani la asubuhi lina mvua ndani yake na ni lipi la kupita tu. Pili, miongoni mwa wanaofanya kazi ileile mahali pengine, katika mwalo wa mbali ambako wateja wenu hawakutani. Tatu, hatua moja mbele katika safari ya mzigo. Dagaa wengi wa ziwa hili hupitia soko la Kirumba, Mwanza, wanakokuja wanunuzi hadi wa Kongo, Rwanda na Burundi. Mpimaji au mpakiaji wa Kirumba, asiyenunua wala kuuza kwa niaba yake mwenyewe, ameona magunia mengi yakikataliwa kuliko mtu yeyote, na anajua kwa nini. Siku moja ya kusimama pembeni yake ina thamani kuliko semina.

Hapo ndipo penye faida ambayo wachuuzi wengi wapya huikosa. Dagaa walioanikwa mchangani hubeba mchanga, na sehemu kubwa yao huishia kwenye chakula cha mifugo. Walioanikwa juu ya vichanja vya nyavu hukauka juu na chini, hawana mchanga, na hununuliwa kuwa chakula cha watu. Tofauti hii dada yetu anaisikia kila siku Nkome, lakini kuisikia si sawa na kumwona mnunuzi akitia mkono ndani ya gunia, akautoa, na kutaja bei mbili tofauti kwa mizigo miwili iliyotoka ziwa moja. Kwa elimu ya darasani kuhusu uchakataji, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ana kampasi yake Nyegezi, Mwanza, na afisa uvuvi aweza kumwelekeza namna ya kuuliza huko.

Historia ya biashara ya nchi hii inatuonesha jinsi ulezi ulivyofanya kazi. Allidina Visram alifika Bagamoyo kutoka Kachchh, India, akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mashuhuri aliyekuwa akiziandalia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Katika nyumba ya namna hiyo kijana hujifunza mambo ambayo hayamo katika mtaji: nguo ipi inapendwa wapi, mzigo unachukua siku ngapi kufika, nani hulipa na nani huahidi. Baadaye alifungua maduka yake mwenyewe yaliyofuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, kisha Uganda, na alipofariki mwaka 1916 jina lake lilijulikana Afrika Mashariki yote. Wahadhrami nao walikuwa na desturi inayofanana. Mgeni aliyeshuka jahazini aliingia dukani kwa jamaa yake, akafagia, akapima sukari, akalala nyuma ya kaunta, na baada ya miaka akapewa bidhaa akaanze kwake. Ulezi ule ulikuwa mrefu na wakati mwingine mgumu, na hatuusifu wote. Lakini angalia mpangilio wake: ujuzi ulitangulia, bidhaa zikafuata. Dada yetu anaambiwa aanze na deni.

Kisa cha Abdurrahman bin Auf (r.a.) kinajulikana kwa kila msomaji wa ukurasa huu. Alipofika Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kianswari Saad bin Rabii alijitolea kumpa nusu ya mali yake, naye akamwombea dua na kuomba aoneshwe soko. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kumsifu Abdurrahman kwa kujitegemea. Sisi tunamtazama pia Saad, aliyekuwa tayari kutoa mali na akakubali kutoa kilichoombwa tu.

Sasa namna ya kuuliza. Ibn Majah amepokea habari za mwanamke aliyeitwa Qayla, mchuuzi, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza hasa anavyofanya: anapotaka kununua hutaja bei ya chini kuliko anayoikusudia kisha hupandisha kidogo kidogo, na anapouza hufanya kinyume chake. Akakatazwa, akaambiwa ataje bei anayoikusudia, apewe au anyimwe. Wapo wanazuoni walioidhoofisha sanadi ya riwaya hii, kwa hiyo hatuitaji kwa ajili ya hukumu. Tunaitaja kwa umbo la swali lake. Qayla hakuomba ashauriwe juu ya biashara. Alieleza tendo moja, jinsi analitenda, na jibu lake likawa na mahali pa kushika.

Anayemwendea mzee akasema naomba unilee kibiashara, amemtwisha mzigo usio na mpini. Mzee atamwambia awe mwaminifu, avumilie, amtangulize Allah, nao wataagana. Lakini aende na daftari lenye giza tatu zilizopita: ndoo ngapi alinunua na kwa bei gani, ndoo hizo zilitoa kilo ngapi zilipokauka, usafiri ulikula kiasi gani, ushuru kiasi gani, gunia liliuzwa wapi. Kisha aulize jambo moja. Kwa nini ndoo zangu zinatoa kilo pungufu kuliko za jirani? Mzee aliyeonekana hana muda atavuta kigoda.

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, hatuwezi kuruka suala la adabu. Mume wa dada ametia fedha zake, na ana haki ya kujua ni nani anayefunguliwa daftari. Ikiwa mlezi ni mwanamume, mazungumzo yawe barazani au hadharani mwaloni, mumewe au ndugu yake akiwepo. Tunasema hivi bila kukusudia kumzuia. Tumeona ndoa zikiyumba kwa sababu mume alisikia habari za biashara ya mkewe kutoka kwa watu wa nje. Na waume wanaosoma hapa wajue kwamba kumkataza mke asitafute ushauri, kisha kumlaumu mzigo ukilowa, si uadilifu.

Mlezi naye ana haki zake. Asiombwe mkopo, siku utakapomkopa utakuwa umepoteza mlezi na kupata mdai. Apelekewe matokeo, hata yakiwa mabaya, maana hakuna linalomchosha mzee kama kutoa ushauri usiorudishiwa habari. Kibaba cha dagaa safi cha kitoweo kinatosha kuwa shukrani.

Na fedha? Dada yetu bado anazihitaji. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba, jambo ambalo Waislamu wengi hawalijui, wakadhani kila mkopo wa serikali ni kama wa benki. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye, na daftari lile lile atakalompelekea mlezi ndilo litakalomsaidia huko.

Kuhusu tajiri, amrudie kwa heshima, amshukuru, na amweleze kwamba mkopo wenye sharti la bei hatauchukua, ila yuko tayari kumwuzia kwa salam kiasi kidogo katika giza lijalo, kilo 50 kwa mfano. Akikataa, si hasara.

Na asiende kwa mlezi wakati mitumbwi inatoka, kwani hakuna mtu wa mwaloni mwenye masikio alfajiri hizo. Wanaofunga tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu wanajua bila kuambiwa ni lini mbalamwezi inawafanya dagaa wasivutwe na taa, na mitumbwi ikalala ufukweni. Siku hizo wazee wa Nkome wako nyumbani baada ya alasiri.