Fimbo za mzee au za dukani?

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwako na ukadhani kwamba maneno ya leo hayakuhusu. Subiri kidogo. Nchini mwetu wako vijana wengi wanaolisha nyumba zao kwa kubeba mifuko ya wachezaji, na ikiwa mmoja wao ni mwanao, mpwa wako au kijana wa jirani, basi iko siku atakuja jioni akuambie kwamba sasa anahitaji fimbo zake mwenyewe. Hapo ndipo utakapong'amua kwamba bei ya fimbo hizo yaweza kushindana na karo ya shule ya bweni.

Kwangu mimi siku hiyo ilifika mwezi jana. Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, ni kedi katika klabu moja nje kidogo ya Nairobi. Miaka yote hii amecheza kwa fimbo za kuazima, na kwa fimbo hizo hizo ameteremsha hendikepu yake hadi 3. Sasa anataka kujaribu bahati yake katika gofu ya kulipwa. Alikuwa ameona seti mbili, zote za chuma cha kufuliwa, zote za aina ile nyembamba ambayo wachezaji huiita bledi.

"Mjomba," aliniambia, "za mzee ninayembebea mfuko ni shilingi 15,000. Za dukani ni 70,000. Mama anazo pesa, ila ni za karo ya mdogo wangu."

Ukiambiwa maneno kama hayo, msomaji, huwezi kujibu kwa haraka.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo bledi. Fimbo za chuma hutengenezwa kwa njia mbili. Kuna zinazosubiwa, yaani chuma huyeyushwa kikamiminwa ndani ya kalibu, na kuna zinazofuliwa, ambapo kipande cha chuma laini hupashwa moto mpaka kikawa chekundu, kisha kikapondwa kwa nyundo kubwa ya mashine, kama mhunzi afuavyo jembe. Bledi ni fimbo ya kufuliwa ambayo mgongo wake haukuchimbwa shimo. Uzito wote umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso wake. Ukiugonga mpira hapo kitovuni, mikono haisikii kitu. Ukikosea kwa upana wa kidole, utasikia mpaka kwenye meno, na mpira utaanguka njiani.

Ni kwa sababu ya mateso hayo ndipo Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, akaanza kuuhamishia uzito kwenye kingo za fimbo ili ikikosea isipinduke mkononi. Fimbo yake ya Ping Eye 2 iliyotoka mwaka 1982 iliwapa nafuu wachezaji wengi wa kawaida, nayo ilikuwa ya kusubiwa. Kwa hivyo kama hendikepu yako ni 18 na unataka bledi kwa kuwa zinapendeza mfukoni, mimi nakushauri uache. Hilo ni pambo. Lakini mpwa wangu anacheza 3 na kazi yake itakuwa kuupinda mpira huku na huko apendavyo. Yeye ana haki ya kuulizia bledi.

Basi tukaenda uwanja wa mazoezi alfajiri moja, mzee akiwa ameturuhusu kuzichukua zake, na mwenye duka akiwa ametuazima namba 7 na weji tu. Kijana akaipiga namba 7 ya mzee, kisha ya dukani. Ya dukani ilipita ile nyingine kwa hatua 15 hivi. Macho yakamng'aa. "Umeona, Mjomba?"

Niliona, ila nilichoona si alichoona yeye. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Namba iliyoandikwa chini ya fimbo ni jina tu, na kila kiwanda hubatiza kitakavyo. Kinachourusha mpira ni mwinamo wa uso pamoja na urefu wa mpini. Fimbo za mzee ni za enzi ile Seve Ballesteros aliposhinda Kenya Open, mwaka 1978, na tulipozipeleka kwa fundi mwenye kipimo, namba 7 yake ilikuwa na mwinamo wa digrii 39. Ile ya dukani ilikuwa na 34, na mpini wake ulizidi kwa nusu inchi. Yaani namba 7 ya leo ni namba 6 ya jana iliyopigwa chapa nyingine. (Na hizo ni bledi, ambazo watengenezaji wake wana haya. Fimbo za kisasa za mgongo mnene, namba 7 nyingine ziko chini ya digrii 30.) Nilimwambia arudi siku ya pili aipige namba 6 ya mzee dhidi ya namba 7 ya dukani. Tofauti ikawa hatua tatu au nne, na kuna mara ambapo ya mzee ndiyo iliyotangulia.

Isitoshe, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6 kuliko ungekuwa Nyali au Likoni. Mchezaji wa huku bara haugui maradhi ya umbali. Anachohitaji ni kujua mpira utaangukia wapi.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Weji ya mzee, ile fimbo ya mwisho katika seti, ilipimwa digrii 51. Ya dukani ilikuwa 46. Ukishanunua ya 46, ukawa na weji ya mchangani ya 56, katikati pamebaki pengo la digrii 10, ilhali kati ya fimbo na fimbo huhitajika kama 4 au 5. Lazima ununue weji nyingine ya kuziba pengo hilo, na bei yake haimo katika zile 70,000. Kumbuka pia kwamba sheria inakuruhusu fimbo 14 tu mfukoni, kwa hivyo ukiongeza huku itabidi upunguze kule. Seti ya zamani haina pengo hilo.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Fimbo za siku hizi zina mambo mawili ambayo za zamani hazina.

La kwanza ni unyayo. Geuza bledi ya miaka ya 1970 uitazame chini: unyayo wake ni mwembamba na ukingo wa mbele ni mkali kama wa kisu. Katika uwanja mkavu huo ni utamu mtupu. Lakini sisi tunachezea nyasi za kikuyu, zile ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo zimesafirishwa hadi Australia, Afrika Kusini na California. Ni nyasi zenye mizizi ya kutambaa na kusokotana kama mkeka. Mvua ya Aprili ikinyesha, ukingo mkali huzama, nyasi huishika shingo ya fimbo, na uso hujifunga kuelekea kushoto. Bledi za kisasa zimeviringwa ukingo wa mbele na wa nyuma, kwa hivyo huingia na kutoka. Mpwa wangu alipiga mipira kumi kwenye nyasi zenye umande. Za mzee zilizama mara nne. Ya dukani, mara moja.

La pili ni kitovu chenyewe. Bledi nyingi za zamani zina shingo ndefu, na uzito wa shingo hiyo hukivuta kitovu karibu na kisigino cha fimbo. Wengi wanaozisema vibaya hawajui kwamba wanagonga mahali ambapo macho huwaelekeza, katikati ya mifuo, ilhali kitovu kiko pembeni kidogo. Watengenezaji wa leo wamefupisha shingo na kusogeza uzito. Mengine unayosikia, kama lile tabaka la shaba chini ya kromu katika Mizuno MP-20 za mwaka 2019, ni ya kupendezesha mguso, na mguso ni jambo la mtu na mikono yake. Sitakugombeza ukilipenda, lakini usilipie kwa karo ya mtoto. Tiger Woods aliposhinda Masters ya 1997 kwa mikwaju 12 mbele ya wenzake, alikuwa na Mizuno za kufuliwa.

Nilipofika kwenye mifuo ndipo nilipomketisha kijana chini. Mifuo ni ile mistari iliyochimbwa usoni mwa fimbo ili mpira ushikwe na kuzunguka. Kuanzia mwaka 2010, R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, viliweka kipimo kipya cha mifuo, na mashindano ya ngazi ya juu yakaanza kukifuata. Wachezaji wa kawaida waliachiwa fimbo zao za zamani. Lakini Kenya Open imo katika ratiba ya Ulaya tangu 2019, na kijana anayeota kufika huko hawezi kucheza kama mtu wa kawaida. Ukipiga mkwaju mmoja tu kwa fimbo isiyokubaliwa, unaondolewa mashindanoni. Adhabu hiyo haina nusu. Iko orodha ya USGA ambayo mtu anaweza kutafutia fimbo iliyotengenezwa kabla ya 2010. Tuliitafuta ya mzee tukaikuta, mifuo yake ikiwa ya umbo la V, nayo imekubaliwa. Kama tusingeikuta, hata angepewa bure ningemwambia arudishe.

Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimeaibika. Miaka mingi iliyopita nilinunua bledi kuukuu ambazo mifuo yake ilikuwa imelika, nikampelekea fundi mmoja aichimbe upya. Aliichimba kweli! Ilikuwa mipana kama mitaro ya barabarani. Kromu ikaambuka, mvua ya kwanza ikaleta kutu, na siku ya mashindano mmoja wa wasimamizi akazitazama kwa miwani, akanirudishia bila kusema neno. Nilibeba mfuko wangu nikarudi kwenye matatu saa mbili asubuhi.

Kuhusu mipini nitapita upesi. Ya chuma huanza kuoza kwa ndani, hasa ikiwa imekaa Pwani, kwa hivyo itikise na uchungulie kama unga mwekundu unatoka. Tazama shingoni kama kuna kijipini kilichopitishwa upande hadi upande. Kama kipo, siku ya kubadilisha mpini fundi atakutoza zaidi. Tena chora mstari wima kwenye mpira kwa kalamu nzito, mstari utazame uso wa fimbo, kisha upige. Alama itakayobaki usoni ikiwa imeinama, fimbo haijakaa sawa na kimo chako. Uzuri wa chuma cha kufuliwa ni kwamba fundi aweza kukipinda digrii moja au mbili kikakufaa. Ubaya wake ni ule ule: miaka mingi ya kupigwa hukipinda bila wewe kujua. Katika seti ya mzee, kati ya namba 8 na 9 palikuwa na digrii 2 tu.

Nikamwambia kijana atoe kalamu. Za mzee, kuanzia namba 3 hadi 9 na weji, ni fimbo nane: 15,000, na mishikio mipya minane kwa 800 kila mmoja ni 6,400, na kupindwa zote kwa 300 kila moja ni 2,400. Jumla 23,800. Za dukani ni 70,000, na weji ya kuziba pengo aliyoiona ni 9,000. Jumla 79,000. Alizitazama hesabu hizo kwa muda mrefu. Nilimwambia pia kwamba kama angenijia miezi miwili mapema, ningemtafutia za katikati, bledi za mwanzo wa miaka ya 2000 kama Mizuno MP-33 ya mwaka 2002, ambazo unyayo wake ni wa kisasa na bei yake imekwisha kushuka, mradi tuihakiki mifuo kwanza. Lakini majaribio anayoyataka hayangoji.

"Na zile nne zilizozama, Mjomba?"

Sikuwa na dawa ya hilo isipokuwa mazoezi. Nilimwambia aufuate mpira kwanza na udongo baadaye, na wakati wa mvua aikunjue namba moja zaidi badala ya kupiga kwa nguvu. Hilo alilijua kuliko mimi.

Jioni dada yangu alinipigia simu. "Kaka, amechagua zipi?" Nilipomwambia, alikaa kimya, kisha akauliza kama ni kweli alizitaka hizo au amemwonea yeye huruma. Nilimjibu kwamba nusu ni hii na nusu ni ile, na kwamba hizo hatua tatu au nne nilizihesabu mwenyewe.

Jumatatu, siku ambayo makedi huruhusiwa kucheza pale klabuni kwao, atatoka nazo kwa mara ya kwanza zikiwa zake. Pesa alimpelekea mzee nyumbani. Mzee alizihesabu, akamrudishia elfu moja ya mipira, akamsindikiza mpaka langoni. Namba 2 hakuitoa. Alisema hiyo inakaa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kwa ajili ya nyoka, na haijawahi kukosa.