WATOTO WACHORE NGUO, BANDA LISIFUNGWE

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Jumatano ijayo, saa 9 alasiri, tunakutana chini ya mwembe kwa mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi. Jambo la nne katika ajenda ni hili: mafunzo ya kuchora mavazi, wanayopewa watoto kila Jumamosi katika banda la ushonaji, yaendelee au yasimame? Wapo wanaotaka yasimame na banda liwe ghala. Sisi wa kikundi cha ushonaji tunasema yaendelee. Tunaomba msome sababu zetu hapa kabla ya kunyoosha mikono.

Maneno tumeyasikia. Kisimani, gulioni, hata mbele ya mizani ya pamba, watu wanasema, "Wale watoto wanachezea penseli tu." Mwingine anasema, "Nimemnunulia mtoto daftari la hesabu, kalijaza magauni!" Na wengine wanasema ati tunawafundisha watoto kuchora watu uchi. Yote hayo tutayajibu.

Lakini kwanza tukumbushane hasara ya sare za kwaya. Mwaka jana akina mama 18 walichanga fedha zao wakanunua vitenge. Mshono waliouchagua ulikuwa picha ndani ya simu. Wakaenda mjini kwa fundi mmoja, jina lake hatuliandiki. Akaitazama ile picha, akasema ameelewa. Siku ya kukata, simu ilikuwa huku kijijini na mwenyewe, naye fundi akakata kwa kukumbuka. Yaliyotokea mnayajua: mikono ikawa mifupi, kola haikuwepo, marinda yaliyotakiwa nyuma yakawekwa mbele. Fundi akasema, "Si mlisema hivi?" Akina mama wakasema, "Hatukusema hivyo." Nani alikuwa na ushahidi? Hakuna. Na kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Hivi jamani, pamba yenu mnaiacha kwenye mizani bila stakabadhi? Hamuiachi. Mbona kitambaa mnakiacha kwa fundi kwa maneno ya mdomo? Siku ile kungekuwa na karatasi moja yenye mchoro wa mbele, mchoro wa nyuma na vipimo pembeni, ugomvi ule usingekuwepo. Lakini kijiji kizima hapakuwa na mtu wa kuuchora. Hata sisi wenyewe wa cherehani hatukujua. Ndipo tulipoamua kujifunza, na kuwafundisha watoto pamoja nasi.

Sasa tueleze wanachofanya, maana wengi wanaosema hawajaingia bandani hata siku moja.

Jumamosi ya kwanza watoto hawakuchora nguo kabisa. Walipimana. Mmoja anasimama wima ukutani. Mwenzake ananyoosha mkono akiwa na penseli, anafumba jicho moja, anapima urefu wa kichwa toka utosini mpaka kidevuni, kisha anahesabu vinaingia vichwa vingapi mpaka kwenye unyayo. Mtu mzima wa kawaida hufika vichwa 7 au 7 na nusu. Mtoto mdogo huwa na vichwa vichache zaidi, kwa sababu kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Watoto walicheka sana siku hiyo. Lakini ile ilikuwa hesabu ya kugawanya, ile ile ya kwenye daftari.

Wachoraji wa mitindo wa kwenye magazeti humrefusha mtu mpaka vichwa 9, na urefu wa kuzidi huuweka zaidi miguuni, ili nguo ionekane inateremka vizuri. Ndiyo maana unaona gauni kwenye picha, unalishonesha, halafu mwilini linakuwa kitu kingine! Watoto wetu wanajifunza michoro yote miwili. Upo mchoro wa kupendeza, wa kumwonyesha mwenye nguo. Na upo mchoro wa kazi, nguo ikiwa kama imetandazwa mezani, kila mshono, zipu, mfuko na kifungo kikionekana mahali pake. Huo wa pili ndio fundi anaoufuata akishika mkasi.

Na hao "watu uchi"? Mtoto anaanza na mstari mmoja wa wima, toka shingoni kwenda chini kwenye mguu uliobeba uzito. Bila mstari huo, mtu wa kwenye karatasi anaonekana anaanguka. Kisha anaweka yai la kichwa, mabega, kiuno, nyonga, na vijiti vya mikono na miguu. Halafu nguo inavishwa juu yake. Vile vijiti ni kama fito za nyumba kabla ya kukandikwa udongo. Nani aliyewahi kuona fito akasema nyumba ile iko uchi? Mzazi mwenye wasiwasi aje Jumamosi, mlango uko wazi.

Baada ya hapo wanafundishwa kukitazama kitambaa. Mikunjo ya nguo haizuki popote. Inaanzia pale nguo iliposhikwa, begani, kiunoni au kwenye kiwiko. Kitenge kipya kinasimama, kitambaa laini kinaanguka, na mistari ya penseli lazima iseme hivyo. Na kanga je? Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina. Ukikata ovyo, jina linakatika vipande viwili, au linakaa mgongoni mwa mtu miguu juu kichwa chini. Tumeyaona hayo kwenye harusi hapa hapa. Mtoto anayechora kwanza anaamua kwenye karatasi: pindo litakaa chini ya gauni au kwenye mikono? Jina litakaa wapi? Akikosea anafuta. Mkasi haufuti.

Tuwaambie jambo moja lililotugusa. Tuliwapa watoto kazi: kila mmoja achore nguo ya mtu wa nyumbani kwake. Kijana mmoja wa darasa la tano alichora gauni la bibi yake, lina vifungo mbele toka juu mpaka chini, na mikono mipana. Tukamwuliza kwa nini hakuweka zipu nyuma kama wenzake. Akasema, "Bibi mkono wake wa kulia haupandi. Kila asubuhi anamngoja mama amvishe." Sisi tunaomshonea bibi huyo miaka yote tulikuwa hatujaliona hilo. Tumelishona gauni lile, na sasa bibi anavaa mwenyewe.

Kijana yule ni wa kiume, na wapo waliomcheka. Tunawauliza wanaocheka: nendeni gulioni muangalie kwenye vibaraza, nani wamekaa kwenye cherehani? Wengi ni wanaume, na wanalisha nyumba zao kwa kazi hiyo.

Kuhusu madaftari, wazazi mna haki, na kosa ni letu. Tangu mwezi uliopita tunatumia migongo ya kalenda za zamani, karatasi za mifuko ya saruji, na chaki sakafuni. Mtoto atakayekutwa amechora kwenye daftari la shule, Jumamosi inayofuata atafagia banda, hatachora.

Wengine wanasema kazi ya mtoto ni kusoma ili awe daktari. Sawa, na asome. Lakini Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week huko Dar es Salaam mwaka 2008, alisomea udaktari kabla ya kujulikana kwa mavazi. Kalamu haikumzuia kusoma. Tena Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya mahali anapoishi. Leo vyuo vya VETA vinafundisha ubunifu wa mavazi na ushonaji, na sekondari zimewekewa mkondo wa amali. Mtoto atakayefika huko akiwa anajua kupima na kuchora hataanza sifuri.

Hatuwadanganyi kwamba kila mtoto atakuwa mbunifu. Wengi watabaki wakulima wa pamba kama sisi. Na sisi tunajua habari ya pamba: sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inauzwa nje kabla haijawa nguo, halafu tunarudi gulioni kununua mitumba. Penseli ya mtoto haitajenga kiwanda. Lakini sare za shule, sare za kwaya na nguo za harusi za kijiji hiki zinashonwa mjini kwa fedha yetu, kwa kuwa tunaogopa kujiagizia wenyewe. Hilo penseli inaliweza.

Basi tunapendekeza hivi:

1. Mafunzo yaendelee kila Jumamosi, saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana, na mtoto aje kwa ruhusa ya mzazi.

2. Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa, banda liwe ghala bila ubishi. Watoto watahamia chini ya mwembe mpaka pamba iondoke.

3. Chama kitoe penseli dazeni mbili na vifutio kwa mwaka. Hatuombi zaidi.

4. Kuanzia sasa, sare yoyote ya kikundi katika kijiji hiki isikatwe bila mchoro wa mbele na nyuma, wenye vipimo na sahihi ya fundi.

Michoro ya watoto tumeibandika hapa chini ya karatasi hii. Itazameni, ulizeni, kosoeni. La gauni la bibi ni la tatu kutoka kushoto. Halafu Jumatano njooni mpige kura.

Ushirika ni nguvu!

Kikundi cha Ushonaji