Kabla ya Kumshitaki Karani, Someni Daftari

Kila mkulima wa mteremko wa Meru anajua jambo hili. Zamu yako ya maji imefika, umeshika jembe, na kumbe mfereji ni mkavu. Mtu wa haraka huenda moja kwa moja kugombana na jirani. Mtu wa akili hupanda akiufuata mfereji hatua kwa hatua, mpaka aone mahali maji yanapopotelea. Pengine ni jirani kweli. Pengine ni fuko tu aliyetoboa ukingo.

Mitambo ya siku hizi nayo ina mifereji yake, na ubovu wake hutafutwa vivyo hivyo. Sikilizeni habari hii.

Chama kimoja cha akiba na mikopo, upande wa mashariki ya mlima, kina kompyuta yake kubwa mjini Arusha. Mafundi huiita seva, yaani mtumishi. Kompyuta ndogo za madirishani huitwa wateja, kwa sababu ndizo zinazoomba. Karani akibonyeza "lipa", ombi huenda mjini, seva huliandika, kisha jibu hurudi.

Siku moja mama mmoja alikuja kulipa rejesho la mkopo, shilingi 60,000, kutoka katika akiba yake. Karani akabonyeza. Kimya. Halafu yakatokea maneno: mawasiliano yamekatika. Karani akangoja kidogo, akabonyeza tena, jibu likaja, mama akaenda zake. Mwisho wa mwezi akakuta akiba imepungua shilingi 120,000. Nani asingeshituka?

Wakubwa wa chama wakafungua daftari la seva. Maana kila seva hujiandikia daftari lake, ambalo mafundi huliita logi: saa, jina la mteja, na jambo lililotokea. Wakaona malipo mawili, la kwanza 07:05, la pili 07:09. Ole wake karani! Mama anasema alikuja saa nne, na daftari linasema saa moja, wakati dirisha bado limefungwa. Wakasema binti huyu huingia kwa siri kuchezea fedha za watu. Barua ya kumsimamisha kazi ikaanza kuandikwa.

Bahati njema mpwa wangu, ambaye ni fundi, aliitwa kwanza. Naye akauliza maswali manne. Yashikeni, yatawafaa.

Swali la kwanza: hii ni saa ya nani? Seva nyingi huandika saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Basi 07:05 ya daftari ni saa nne na dakika tano ya kwetu. Mama alisema kweli, na karani hakuingia kwa siri.

La pili: aliyekatika ni mmoja au ni wote? Wakikatika wote kwa dakika moja, tazama seva au njia kuu. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipoharibika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Siku ile kuzima simu na kuiwasha hakukumfaa mtu. Lakini katika daftari la chama, madirisha mengine yote yalikuwa salama. Ni lile moja tu lililokatika.

La tatu: limekatika kwa namna gani? Kuna mteja anayeaga, na hilo si kosa. Kuna anayekatwa ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni; hapo programu au mtambo wa njiani umekataa. Na kuna anayenyamaza tu. Huyu wa kimya mara nyingi amepotewa na umeme au njia, asipate hata nafasi ya kuaga. Dirisha lile lilinyamaza.

La nne: hunyamaza lini? Hapa kuna mtego. Seva haijui upesi kwamba mwenzake ameondoka. Zile za Linux, zikiwa zimeagizwa kuulizia hali ya mteja aliye kimya, kwa desturi hungoja saa 2 ndipo zianze kuuliza, kisha huuliza mara 9, kila baada ya sekunde 75. Kwa hiyo usitazame saa seva ilipokata tamaa. Tazama neno la mwisho la mteja. Mpwa wangu akayaandika maneno hayo ya mwisho kwa siku kumi. Karibu yote yalikuwa ya saa nne asubuhi.

Basi akaenda kukaa kando ya dirisha. Saa nne ilipofika, mhudumu akaingia na birika la umeme, akachomoa waya wa kisanduku cha intaneti, akachomeka birika. Chai! Fuko wetu ndiye huyo.

Lakini mbona fedha zilikatwa mara mbili? Kwa sababu ombi la kwanza lilikuwa limekwisha fika mjini na kuandikwa. Kilichopotea njiani ni jibu. Karani aliporudia, seva ikadhani ni malipo mapya. Sasa kila malipo hupewa namba yake, na seva ikiiona namba ile ile mara ya pili, haikati tena. Birika nalo limepata tundu lake ukutani. Mama alirudishiwa shilingi 60,000, na ile barua ikachanwa.

Nawe nyumbani, unapotuma fedha kwa simu na jibu lisirudi, usibonyeze tena kwa hasira. Tazama salio kwanza. Muulize unayemtumia kama zimefika. Andika tarehe, saa na kiasi, na uutunze ujumbe wenye namba ya muamala. Ukienda kulalamika na karatasi hiyo, fundi ataliona jambo lako daftarini upesi.

Na ninyi mlio wakubwa wa vyama: jina la mtu likichafuka halitengenezwi kwa tundu jipya la umeme. Fuateni mfereji kwanza.

Haya, tuonane juma lijalo.