Jesse Helms na Hesabu ya "Seneta Hapana"

Jesse Helms, aliyeiwakilisha North Carolina katika Baraza la Seneti la Marekani kuanzia mwaka 1973 hadi 2003, alibandikwa jina la "Seneta Hapana" kutokana na wingi wa mambo aliyoyapinga, na jina hilo la kebehi yeye alilivaa kama nishani. Mwaka 1983 alitumia mbinu ya kurefusha mjadala ili kura isipigwe, jambo ambalo kanuni za Seneti zinaliruhusu, kwa lengo la kuzuia sikukuu ya kumuenzi Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akidai kwamba marehemu alishirikiana na wakomunisti. Hata hivyo, muswada wa sikukuu hiyo ulipita kwa kura 78 dhidi ya 22. Kwa miaka mingi alipinga pia fedha za UKIMWI, akiulaumu mwenendo wa wagonjwa wenyewe, lakini mwaka 2002, akikaribia kustaafu, aliungana na Seneta Bill Frist kuomba dola milioni 500 za kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hususan barani Afrika, na akakiri hadharani kwamba alichelewa. Wanaomsifu huanzia hapo. Haki inadai waanzie 1983, kwani kuhusu ubaguzi wa rangi hakutoa ungamo la namna hiyo hadi alipofariki Julai 4, 2008.