Acha mtoto acheke! Foto nzuri ya mtoto wako



Mwezi huu hatutazungumza juu ya deni wala juu ya ugomvi wa ndoa. Tutazungumza juu ya foto za watoto. Najua mmoja wenu atasema: «Mchungaji, hiyo ni habari ya mchezo.» Ndiyo, ni habari ya mchezo. Lakini soma mpaka mwisho wa ukurasa, kisha utaniambia kama ni mchezo tu.

Fikiri lupango moja ya Katuba ao ya Ruashi, siku ya Mungu asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu amevalishwa viatu vipya vinavyombana. Baba anashika telefone, mama ananyoosha kola, shangazi anapaza sauti: «Simama muzuri! Mikono chini! Acha kucheka, tunakupika foto!» Dakika moja inapita, shauri linageuka: «Haya, sasa cheka!» Mtoto afanye nini? Anatoa meno kama mtu anayeumwa jino, ao analia kabisa. Foto ile itakaa ukutani miaka 30, na wageni watasema: «Huyu mtoto alikuwa mukali!» Kumbe mtoto hakuwa mkali. Viatu njo vilikuwa vikali.

Desturi hii ilitoka wapi?

Mwaka 1839, Mfaransa Daguerre alipoonyesha watu kazi yake ya foto, mashine ilikuwa pole sana. Mtu alipaswa kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu, na baadaye wapiga foto waliweka chuma nyuma ya kichwa chake ili shingo isiyumbe. Mtoto mdogo hakuweza. Alitikisika, na ku foto akatokea kama moshi. Mama wengine walifunikwa kitambaa na kumshika mtoto wao mapajani, kana kwamba wao ni kiti. Nani angeweza kushika kicheko muda wote ule? Basi nyuso kali zilitoka kwa mashine, hazikutoka kwa adabu.

Mambo yalibadilika. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza mashine yake ya Kodak. Mwaka 1900 kampuni yake ilitoa Brownie, kisanduku cha bei ya dola moja ambacho hata mtoto aliweza kukitumia. Lakini desturi ya kusimama kama mti ilibaki, na hata kwetu ilikuwa na sababu. Filamu ilikuwa na foto 24 ao 36 tu, kila moja na bei yake. Fotografe hakutaka kuharibu hata moja. Mzee akisema «simama muzuri», alikuwa anachunga feza yake.

Tena, hapa Katanga foto nyingi za zamani zilipigwa kwa faida ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali yake hapa nchini, na baadaye ikawa Gécamines. Kampuni ile ilipiga foto za kambi zake: watoto wachanga wanapimwa uzito, wanafunzi wamepangwa mistari, mama wako mbele ya nyumba safi. Foto zile zilipaswa kuonyesha kazi ya kampuni. Hazikutafuta kujua kama mtoto yule alipenda embe ao alikuwa anaogopa kuku.

Fotografe wa Lubumbashi Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alikamata foto za namna hiyo, akawaweka watu wa zamani mbele ya majengo ya Gécamines yaliyochakaa. Kazi ile ya mwaka 2006 inaitwa Mémoire. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha katika mji wetu makutano ya foto, wakayaita kwa Kiswahili: Picha. Ukitazama watu wa foto zile za kampuni, wanakuangalia usoni, lakini wengi hatujui majina yao. Aliyepiga foto hakuwa na haja ya jina. Wewe baba, wewe mama, unalijua jina. Njo maana foto yako inaweza kusema neno ambalo ya kampuni haikuweza.

Sasa tufanye namna gani?

1. Kaa chini. Ukisimama na kupiga foto kutoka juu, utapata nywele na paji la uso tu, na mtoto atakuwa mfupi kama uyoga. Piga magoti, ao lala ku mukeka. Telefone iwe sawasawa na macho yake. Suruali itachafuka udongo mwekundu, itafuliwa. Hapo utaona ulimwengu kama yeye anavyouona: meza ni mlima, mbuzi ni mnyama mkubwa, na kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ni nyumba ya gorofa.

2. Mpe kazi, usimpe amri. Usimwambie «cheka». Mwambie: «Nionyeshe gisi motokari yako ya nyaya inakwenda.» Mwambie apulize povu la sabuni, aoshe embe, amfundishe mdogo wake wimbo, akimbie mpaka ku mlango na kurudi. Muulize swali la uongo: «Huyu kuku njo kaka yako?» Kicheko kitakuja chenyewe, na wewe uwe tayari. Mtoto wa miaka miwili haangalii kitu kimoja muda mrefu. Piga mara ishirini, kisha futa kumi na tisa. Telefone haikuli feza kwa kila foto kama ile filamu ya zamani.

3. Jifunze jua. Lubumbashi iko karibu na digri 12 kusini ya ikweta. Saa sita ya mchana jua liko juu sana, na mwisho wa Oktoba linasimama juu ya kichwa kabisa. Wakati ule macho ya mtoto yanakuwa mashimo meusi, naye anakunja uso juu ya mwangaza. Piga foto asubuhi saa 7 ao 8, ao mangaribi kuanzia saa 16 na nusu. Ikiwa ni mchana, umkalishe ndani ya nyumba karibu na mlango ulio wazi, ao chini ya mwembe, uso wake ukielekea mahali penye mwangaza. Ndani ya nyumba usiku, ile taa ya telefone inamshtua. Afazali ungoje kesho.

4. Ngozi yetu ina haki ya kuonekana. Hapa sikilizeni vizuri. Kuanzia miaka ya 1950, fasi za kusafishia foto zilikuwa zinapima rangi za Kodak kwa karatasi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu. Karatasi ile iliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, walisema rangi zote ni nzuri. Watoto weusi wakapotea ku foto, wakabaki meno na macho. Filamu zilirekebishwa baadaye, na kati ya waliolalamika sana kulikuwa wenye kutengeneza chokoleti na wenye kutengeneza vyombo vya mbao, juu ya rangi zao za kahawia kutoonekana vizuri! Basi, ikiwa foto ya mtoto wako imetoka nyeusi tititi, usiseme kosa ni la ngozi yake. Usimweke mbele ya ukuta mweupe ao mbele ya mbingu yenye kung'aa, maana mashine inapima ule weupe na kumsahau yeye. Mweke mbele ya majani, ya mlango wa mbao, ya matofali. Kisha gusa uso wake ku kioo cha telefone. Telefone nyingi zitapima mwangaza pale ulipogusa.

Ninyi vijana, mnaojua telefone kutushinda: musiweke zile programu zinazopausha ngozi ya mdogo wenu. Mtoto akiona kila mara uso wake umefanywa mweupe kabla ya kuonyeshwa watu, anafundishwa bila maneno kwamba uso wake wa kweli hautoshi. Kesho atakwenda kutafuta mafuta ya kujichubua, na sisi tutauliza: «Alifundishwa na nani?»

5. Angalia mambo ya kila siku. Musingoje Krismasi na mwaka mpya. Mtoto anayeota moto wa mbabula asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, mama akiwa karibu naye. Mtoto anayekula bukari na sombe mpaka ku masikio. Miguu yake mu mayi ya mvua ya kwanza. Mkono wake mdogo ndani ya mkono wa nkambo. Mtoto mchanga naye, karibu na wiki sita ao mwezi wa pili, anaanza kuchekea uso wa mtu; mama azungumze naye, na mwingine apige. Hizi ni foto ambazo baadaye jamaa yote itagombania.

Heshima ya mtoto

Kuna foto za kuchekesha ambazo si za kuchekesha. Mtoto aliye uchi akioga, mtoto anayelia kwa sababu amepigwa, mtoto aliyejikojolea: musizipige, na zaidi musizitume. Ukiituma mara moja ku WhatsApp ao ku Facebook, huwezi kuiita irudi. Baada ya miaka kumi na mbili wenzake wa masomo wataiona. Tena foto yenye jina la masomo yake na saa anayotoka inamwambia mtu mubaya fasi ya kumngojea.

Nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, ilikubali mwaka 1990 Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989. Fungu la 16 linasema maisha ya siri ya mtoto yanalindwa. Tuna pia sheria yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009. Kwa hiyo mtoto akisema «Hapana, sipendi», weka telefone chini. Anajifunza hapo kwamba mwili wake una mwenyewe.

Hapa kwenye migodi tunaona jambo lingine tena. Wageni wanafika ku fasi za kuchimba na kuosha mawe, wanapiga foto za watoto wenye udongo mwili mzima, wanakwenda zao. Pengine foto ile inasaidia watu kujua shida, na shida ni ya kweli, tusiifiche. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza: «Unaipeleka wapi? Itaandikwa nini chini yake? Jina la mtoto wangu litakuwamo?» Na sisi wenyewe tuhakikishe kwamba foto ile ya huzuni si foto peke yake aliyo nayo mtoto yule. Aliwahi pia kucheka, aliwahi kucheza mpira wa mifuko. Nani aliiona?

Itoe ku karatasi

Neno la mwisho, na mimi naliona kuwa kubwa kupita yote. Mwaka 1992 na 1993, wazazi wengi waliofukuzwa Likasi na Kolwezi walikaa ku stesheni wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai. Wenye kukumbuka siku zile wanajua kwamba mtu hakuweza kubeba nyumba yake. Sufuria inaweza kununuliwa tena. Lakini uso wa mtoto wako alipokuwa na miaka miwili hauuzwi ku soko lolote. Na kuna jamaa zilizozika mtoto, kisha zikatafuta foto yake, zikapata ile ya kadi ya masomo tu, ao hazikupata kitu.

Telefone nayo inaibwa, inaanguka mu mayi, inakufa. Basi kila mwaka, chagua foto tano za kila mtoto, uzitoe ku karatasi. Andika nyuma kwa kalamu: jina lake lote, tarehe, fasi, na neno moja alilolisema siku ile. Mpe nkambo moja ku mji mwingine, ili moto ao mvua isimalize zote pamoja.

Na wewe baba unayefanya kazi ya usiku ku mgodi, unarudi umechoka, unakuta watoto wanatoka, najua saa zako ni chache. Lakini umeona mashauri haya yote yanataka nini? Ukae chini, umwangalie mtoto, umngojee, umuulize swali, ucheke naye. Foto ni matunda ya nusu saa ile. Hata kama telefone haina moto, nusu saa ile haipotei.

Mwezi huu, fanyeni hivi: siku moja, saa 16 na nusu, kila mzazi akae ku mukeka na mtoto wake. Dakika kumi za kwanza, telefone ibaki mu mufuko. Kisha mpige foto moja, muandike nyuma, na mumsomee mtoto mulichoandika. Atawaomba mumsomee tena.

Mubaki na amani, wapenzi. Tutaonana mwezi ujao.

Mchungaji wenu