Bukta ya Ndani na Hukumu ya Barazani

Imezagaa katika mji wetu wa Lamu na visiwa vyake, tangu Shela hata Kizingitini, itikadi moja ambayo watu huipokea kama wapokeavyo maji kujaa na kupwa, bila ya kuuliza imetoka wapi wala inatupeleka wapi: kwamba mwanamke akipanda baiskeli, swali la kwanza na la mwisho ni lile la macho ya watu, kwamba bukta ya baiskeli, seuze ile yenye mikanda ipitayo mabegani, ni vazi la mtu aliyekwisha kuivua haya, na kwamba mwanamke mwenye murua wake, ikiwa hana budi kupanda, na apande na nguo zake za kila siku, avumilie, wala asilitaje linalomuuma. Nakusudia kuipinga itikadi hiyo, si kwa kuidharau sitara, bali kwa kuwa nimelelewa ndani yake, nimewalea wengine ndani yake, na sipendi kuiona ikigeuzwa fimbo ya kuwapigia wale wale waliofunzwa kuitunza.

Binti wa ndugu yangu ni mwalimu katika kisiwa cha Pate, na njia yake ya kila siku ni ile itokayo Siyu kwenda Faza, njia ya mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo punda huijua kuliko watu. Alinunua baiskeli ili asitegemee pikipiki za kukodi, na wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, alivuka kwa mashua kutoka Mtangawanda akaja kwangu. Tulipotandika mkeka kwa chakula cha mchana nikamwona ameketi upande, uzito wake wote ameutia katika paja moja, na mkono wa kushoto ameukita chini kama mtu aketiye katika dau linaloyumba. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Si kitu, shangazi." Usiku, baada ya wanaume kulala, ndipo aliponionyesha: ngozi ilikuwa imechubuka pande mbili, kila jeraha kiasi cha sarafu ya shilingi, na kati yake mshono wa nguo yake ya ndani umejiandika mwilini, tundu kwa tundu, kana kwamba fundi alipitisha sindano. Nikamuuliza mbona alinyamaza siku zote hizo. Akajibu, "Ningemwambia nani? Wangeniambia niache baiskeli tu."

Jawabu hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi, kwa sababu ni la kweli. Jeraha lile lina sababu iliyo dhahiri, na sababu hiyo ina dawa; lakini katika mji wetu dawa imetiwa jina la fedheha, na jeraha limetiwa jina la haya.

Mtu aketipo juu ya kiti cha baiskeli hakai juu ya nyama, bali juu ya mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, na mifupa hiyo kwa mwanamke aghalabu huwa imeachana zaidi kuliko kwa mwanamume. Kila mguu ukanyagapo pedali, ngozi husuguana na nguo, na nguo na kiti, mara maelfu kabla ya safari kwisha. Nguo ya pamba ikishalowa jasho haikauki upesi. Hujikunja, huufanya mshono kuwa mgumu, na chumvi ya jasho huifanya kama msasa. Katika joto la Kaskazi si ajabu michubuko ikawa majipu, wala si ajabu unyevu ukazaa fangasi. Bukta ya baiskeli ilibuniwa kuyazuia hayo na si kwa jambo jingine: kitambaa chake hunyumbuka na kuushika mwili ili kisijikunje, mishono yake huwekwa mbali na mahali pa kukalia, na hapo penyewe hutiwa sponji, ambayo zamani ilikuwa ngozi laini ya mnyama. Huvaliwa bila ya nguo nyingine chini yake, kwa kuwa nguo hiyo ya pili ingeurudisha ule mshono uliokimbiwa. Na hufuliwa kila baada ya safari.

Sasa nawauliza wakaao barazani: ni wapi katika maelezo haya ambapo haya imevuliwa? Vazi nilisemalo huvaliwa ndani. Juu yake mwanamke atavaa suruali pana, au dera, au baibui, kama alivyovaa jana na juzi, na apitaye njiani hataona ila alichokiona siku zote. Hakuna mwanamume wa Lamu aliyewahi kusimama darajani kuwahoji wanawake kuhusu shimizi zao, ni za kitambaa gani na zina mikanda mingapi. Basi kwa idhini ya nani imekuwa halali kuihoji bukta? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeihukumu bukta hii ni mtu asiyeivaa wala asiyeiona, na maumivu ya kuikosa hayamfiki.

Watatokea watakaosema kwamba hoja si vazi bali ni desturi, na kwamba desturi ya Lamu ya kumsitiri mwanamke haikubali mageuzi. Nawaomba wawaulize mabibi zao habari za shiraa. Katika karne ya 19 mwanamke wa daraja katika mji huu hakutoka na buibui, kwa kuwa buibui halikuwako. Alitoka ndani ya shiraa, hema la nguo lililoinuliwa kwa miti na kubebwa na watumwa wake, na mwendo wake wote ulikuwa mwendo wa wachukuzi. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani yetu mwaka 1907, hema hilo lilipungukiwa na mikono ya kulibeba, na buibui, vazi lililotujia kutoka Bara Arabu, ndilo lililochukua mahali pake. Hata hilo buibui la zamani, lililoshonwa kama gunia na kufungwa kichwani, leo limeliachia nafasi baibui la Ghuba lenye mikono na lililo wazi mbele, na hatukusikia kwamba haya ya Lamu ilizama baharini kwa sababu hiyo. Sitara ilibaki, na kilichobadilika ni chombo chake, nacho kilibadilika kila mara mwanamke alipohitaji kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye kusema kwamba desturi haisogei anaisema vibaya desturi ya mji wake.

Wengine hudai kwamba mambo haya ni ya Wazungu, tumeyaiga. Huko Uingereza, mwaka 1898, bibi mmoja mwenye cheo, Lady Harberton, aliingia katika hoteli iitwayo Hautboy, katika kijiji cha Ockham, akiwa amevaa suruali pana ya kuendeshea baiskeli, na mwenye hoteli akakataa kumhudumia katika chumba cha wageni wa heshima. Kesi ikafika mahakamani mwaka uliofuata, na upande wake ukashindwa. Basi kinachoigwa hapa ni kipi? Ile hukumu ya barazani ndiyo waliyokuwa nayo Wazungu kabla yetu. Na anayedhani kwamba baiskeli na hijabu haziwezi kukutana, na amtazame Masomah Ali Zada, mwanamke kutoka Afghanistan, ambaye mwaka 2021 alishiriki katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo katika timu ya wakimbizi, akashindana kwa baiskeli hali kichwa chake kimesitiriwa. Wala Saudia, nchi ambayo wengi wetu huitaja kila tubishanapo kuhusu mavazi, haikufunga mlango milele, kwani mwaka 2013 iliruhusu wanawake kupanda baiskeli mahali pa mapumziko, wakiwa katika abaya zao.

Maadamu tumekwisha kuiondoa haya mahali isipostahili kuwapo, tunaweza sasa kulizungumza swali lenyewe kama watu wazima wazungumzavyo juu ya viatu na miwani: ni ipi bora, bukta ya kiunoni au bukta ya mikanda? Hapa nitawapinga na wale wa upande wa pili, vijana wa mashindano, wasemao kwamba ya mikanda ni bora kwa kila mtu na kila safari, kana kwamba miili yote na njia zote ni moja.

Bukta ya mikanda ina fadhila zisizokanushika. Haina lastiki ya kubana kiuno. Tumbo hupumua, na mwanamke aliye katika siku zake, au aliyejifungua si zamani, au ambaye lastiki humchora mstari mwekundu hata jioni, hupata humo raha asiyoipata kwingine. Mikanda huishikilia bukta ili isiteremke, na sponji ikabaki chini ya mifupa mahali ilipokusudiwa, badala ya kusogea na kuwa yenyewe sababu ya mchubuko. Tena mtu ainamapo kuushika usukani, bukta ya kiunoni hushuka nyuma na shati likapanda, lakini ya mikanda hufunika mgongo hadi juu. Yaani vazi lile lile ambalo baraza limelipa jina la uchi ndilo lisitirilo zaidi ya mwenziwe. Na jambo hili lingejulikana kwa dakika moja ya kulitazama, lau wenye kulihukumu wangalilitazama.

Lakini ina taksiri zake, na kwa mwanamke wa visiwa hivi taksiri hizo si ndogo. Mikanda ikiwa mifupi kwa kimo chake huvuta mabega na kuyalemea. Ikipita vibaya kifuani humsumbua mwenye kifua kikubwa. La zito kuliko yote ni haja ndogo. Aliyevaa bukta ya mikanda ya kawaida hana njia ya kuiteremsha ila avue kwanza kila kilicho juu yake: baibui, kisha shati, kisha mikanda, naye yu katika choo cha watu, sakafu imelowa, hana pa kutundika nguo, na mkono mmoja ameushikia pindo la baibui lisiguse chini. Aliyepata adha hiyo mara moja hataki kuipata mara ya pili, na njia aionayo nyepesi ni kutokunywa maji. Hapo ndipo madhara yanapoanza: jua la saa saba, njia ya mchanga, jasho, na mwanamke aliyejinyima maji kwa kusudi, ambaye atapata kizunguzungu leo na pengine maradhi ya njia ya mkojo kesho. Fikiri pia kwamba katika siku moja atahitaji kujitwahirisha kwa sala zaidi ya mara moja, na kila mara vazi hilo litamtaka ajivue kama anayekwenda kuoga.

Mafundi wameliona tatizo hilo, na zipo bukta za mikanda za wanawake zenye zipu kiunoni upande wa nyuma, au zenye bizimu ndogo kati ya mabega, au zenye mikanda inyumbukayo kiasi cha kuiteremsha bukta bila ya kuvua nguo ya juu. Rai yangu, basi, ni hii: kwa safari za kila siku, za sokoni na shuleni na zahanatini, bukta ya kiunoni yenye mshipi mpana usiobana yatosha na yazidi; kwa safari ndefu, kama ile ya barabara ya lami itokayo Mokowe kupita Hindi kwenda Witu, bukta ya mikanda yenye mlango wake wa nyuma ni bora, na ile ya mikanda isiyo na mlango, mwanamke wa kwetu asiinunue, hata akiuziwa kwa bei ya bure. Kila mmoja na aipime kwa mwili wake, ameinama kama aliye juu ya baiskeli, wala si amesimama wima mbele ya kioo, kwa sababu bukta iliyo sawa kwa aliyesimama huweza kuwa adui kwa aliyeketi.

Na kama baraza lina ghera ya kweli juu ya sitara ya binti zetu, nitalionyesha pa kuipeleka ghera hiyo. Litazame mnyororo. Baiskeli nyingi zinazouzwa huku hazina kinga ya mnyororo wala wavu wa kuzuia nguo isiingie katika spoki za gurudumu la nyuma, na pindo la baibui likishikwa na mnyororo, mwanamke huangushwa, na nguo yake huraruliwa hadharani. Hiyo ndiyo sitara ivunjwayo njiani, mchana, mbele ya watu. Nayo huzuiwa kwa kipande cha bati na kwa suruali pana iliyofungwa vifundoni. Sijasikia baraza hata moja likikaa kulijadili bati hilo.

Najua hofu iliyo nyuma ya maneno yote ya baraza: kwamba la ndani leo litakuwa la nje kesho. Hofu hiyo siicheki, kwa kuwa mzazi aliye na mtoto hakosi kuwa na hofu. Lakini mtoto aliyefunzwa murua huuchukua popote aendapo, na ambaye hakufunzwa hataupata kwa kuchubuka ngozi. Kinachowapotosha binti zetu zaidi ni kule kufunzwa kwamba maumivu ya miili yao hayana msemo wala msikilizaji. Kwani aliyezoea kulificha jeraha la baiskeli atakuja kulificha na jeraha kubwa zaidi ya hilo, na siku hiyo tutauliza mbona hakusema.

Yule mwalimu wetu alichagua ya kiunoni, kwa sababu ya choo cha shuleni kwake. Anazo mbili, moja huvaliwa na moja hukauka, na ajapo kwangu huianika kiwandani, pale katikati ya nyumba jua liingiapo, kati ya leso zangu na shimizi zangu. Ijumaa iliyopita alivuka tena kutoka Mtangawanda. Tukatandika mkeka, wali ukaletwa, naye akakunja miguu yote miwili, akaketi sawasawa, akanawa, akala kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukapumzika juu ya goti.